Seva ya Pili Haitoshi: Jinsi ya Kugawa Mzigo wa Tovuti Ili Mwananchi Asikwame Siku ya Mwisho

Siku ya mwisho ya kutuma fomu mtandaoni, iwe ni ya basari, ya kazi au ya leseni ya biashara, saiba zetu hujaa hadi nje. Kuna aliyepanda matatu kutoka Kinango, kuna aliyeacha mashua Shimoni, kuna mama wa Malindi aliyefunga kibanda mapema ili amjazie mtoto fomu. Wanakaa mbele ya kompyuta, kiduara kinazunguka kwenye kioo, kisha unakuja ukurasa mweupe. Mhudumu anawaambia maneno tuliyoyazoea: "Mtandao umelala leo."

Mara nyingi mtandao haujalala. Kilicholala ni seva ya upande wa pili. Na kuna hali inayoudhi zaidi: seva ziko mbili, moja ni mzima na haina kazi, ilhali watu wanaendelea kupelekwa kwa ile iliyo mgonjwa.

Hili ndilo ninalotaka tulizungumze, ndugu msomaji, hasa wewe kijana unayesimamia mitambo ya shule, ya sacco, ya hospitali au ya ofisi ya kaunti. Malalamiko yakizidi, jibu la wakubwa huwa ni kununua seva ya pili. Si vibaya. Lakini seva ya pili bila mtu wa kuelekeza watu ni pesa iliyokaa kabatini, na mtu huyo akiwekwa pale bila kufundishwa kazi yake, hali inaweza kuwa mbaya kuliko ilivyokuwa na seva moja.

Anayevuka Likoni ataelewa haraka. Feri zikiwa mbili, tuseme MV Likoni na MV Kwale, abiria hachagui apande ipi. Anafuata lango lililofunguliwa. Anayefungua lango ndiye anayepaswa kujua ipi imeshika gati, ipi imejaa, na ipi injini yake inakohoa. Akikosea, watu watasongamana kwenye feri isiyoondoka huku nyingine ikielea tupu. Katika kompyuta, huyo wa langoni ndiye kigawa mzigo. Ni kifaa kinachokaa kati ya intaneti na seva zako. Jina la tovuti linaelekezwa kwake, wala si kwa seva. Mwananchi anabisha mlango mmoja tu. Kigawa mzigo kinapokea ombi lake, kinachagua seva, kinalipeleka huko, kisha kinamrudishia jibu.

Vifaa hivi si vigeni. Kampuni ya F5 ya Seattle, Marekani, imekuwa ikiuza BIG-IP yake tangu miaka ya 1990, na mabenki makubwa duniani huitumia. Bei yake si ya sacco ya wavuvi. Lakini tangu mwaka 2001 kuna programu ya bure iitwayo HAProxy, iliyoanzishwa na Mfaransa Willy Tarreau, na imekomaa kiasi cha kutumiwa na tovuti zenye wageni wengi mno. Programu hiyo inaingia ndani ya pfSense, mfumo wa fayawoli ambao nao una toleo la bure, na unaoweza kukaa kwenye kompyuta ya kawaida yenye kadi mbili za mtandao. Mfano wangu utakuwa huo, kwa sababu ni kitu ambacho kijana wa Kilifi anaweza kukijaribu wiki hii bila kuomba idhini ya bajeti. Tahadhari moja: pfSense ilikuwa na kigawa mzigo chake cha ndani kilichotegemea programu ya relayd, nacho kiliondolewa katika toleo la 2.5.0 mwaka 2021. Ukikutana na maelezo ya zamani yanayokielekeza huko, yaache.

Tuseme una seva mbili za tovuti, moja ina anwani 192.168.10.11 na nyingine 192.168.10.12, zote kwenye swichi ya ndani. pfSense imekaa mbele yazo, mguu mmoja nje na mguu mmoja ndani. Unasakinisha kifurushi cha HAProxy, kisha unaanza na upande wa nyuma, yaani bekendi. Hapo unaorodhesha seva zako, kila moja na jina lake, anwani yake na poti yake. Ukimaliza unakwenda upande wa mbele, frontendi, ambako unaeleza anwani ya umma na poti 443 ambayo wananchi wataingilia, unaweka cheti cha usalama, na unaiambia ipeleke maombi kwenye bekendi uliyotengeneza. Mwisho unaruhusu poti hiyo kwenye kanuni za fayawoli. Ukurasa wa kuisimamia pfSense yenyewe nao hukaa kwenye poti 443, kwa hiyo uhamishe kwanza kwenye poti nyingine, la sivyo viwili hivyo vitagombea mlango mmoja.

Cheti kikae kwenye kigawa mzigo. Hapo ndipo usimbaji unapofunguliwa, na hapo tu ndipo kifaa kinapoweza kusoma ombi na kuamua kwa akili. Kipitishe usimbaji bila kuufungua na kitabaki kama mpagazi anayebeba sanduku asilojua lina nini. Cheti cha bure cha Let's Encrypt kimekuwa kikidumu siku 90, kwa hiyo weka kifurushi cha ACME kikihuishe chenyewe. Usitegemee kumbukumbu ya mtu.

Namna ya kugawa ni chaguo ambalo watu hulijadili kupita kiasi. Kuna zamu kwa zamu, ombi la kwanza huku, la pili kule. Kuna kumpelekea mwenye kazi chache kwa wakati huo. Kwa tovuti yenye kurasa nyepesi, zamu inatosha. Kwa mfumo wa fomu, ambako mmoja anasoma tangazo na mwingine anapakia kitambulisho na barua ya chifu, mwenye kazi chache ni bora. Chagua, endelea.

Kuna namna ya tatu ambayo ningeiepuka huku kwetu: kugawa kwa kufuata anwani ya IP ya mgeni, ili kila anwani irudi kwenye seva ile ile. Kwenye vitabu inapendeza. Lakini wananchi wetu wengi wanaingia kwa simu, na kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani chache za umma. Kwa kigawa mzigo, maelfu ya watu wataonekana kama mtu mmoja mwenye haraka sana, nao wote watarundikwa kwenye seva moja.

Sasa tufike pale ambapo kazi nyingi huharibika. Kigawa mzigo kinajuaje kwamba seva ni mzima? Kinaiuliza. Kila baada ya muda mfupi kinabisha, na kulingana na jibu kinaiacha kazini au kinaiondoa. Ukiacha mipangilio ya HAProxy yenyewe ilivyo, kinauliza kila baada ya sekunde 2, kinaiondoa seva ikikosa mara 3 mfululizo, na kinairudisha ikijibu vizuri mara 2. Hesabu yake ni kwamba seva ikifa, ndani ya sekunde 6 au zaidi kidogo watu wanaacha kupelekwa kwake. Hilo ni zuri. Swali ni unauliza nini.

Kuna ukaguzi wa msingi, ambao hujaribu tu kufungua muunganisho kwenye poti. Poti ikifunguka, seva inahesabiwa kuwa mzima. Ni sawa na msimamizi wa Likoni kutazama kwa mbali akaona taa za feri zinawaka, akafungua lango. Injini je? Mlango wa kushushia magari je? Seva inaweza kufungua poti vizuri kabisa huku diski imejaa, huku programu imekwama, huku hifadhidata haishikiki. Na hapa kuna jambo la kutisha: seva iliyoharibika namna hii mara nyingi hujibu haraka kuliko iliyo nzima, kwa sababu haifanyi kazi yoyote. Inarudisha ukurasa wa kosa papo hapo. Ukiwa umechagua kumpelekea mwenye kazi chache, kigawa mzigo kitaona seva hiyo imemaliza kazi zake zote, na kitaizidishia watu. Mgonjwa mmoja anakuwa shimo linalomeza foleni nzima. Watu wanasema "mtandao umelala", na dashibodi ofisini inaonyesha kijani tupu.

Dawa ni kutumia ukaguzi wa HTTP, unaoomba ukurasa halisi. Lakini usiombe ukurasa wa mwanzo. Mwambie aliyeandika programu atengeneze ukurasa mdogo wa ukaguzi, tuseme /afya, ambao ukiitwa unagusa vitu vinavyohitajika ili fomu ipokelewe: unasoma mstari mmoja kutoka hifadhidata, unahakikisha folda ya kupokea faili inaandikika, kisha unajibu 200. Kimoja kikishindikana, ujibu 503. Ukurasa huo uwe mwepesi, kwani utaitwa mchana na usiku. Na angalia namba za majibu kwa makini: HAProxy huhesabu majibu yote ya 200 na kitu na ya 300 na kitu kuwa ni uzima. Programu nyingine zikipata hitilafu humwelekeza mgeni kwenye ukurasa mzuri wa "samahani" kwa jibu la 302, au huandika maneno ya kosa juu ya jibu la 200. Mwanadamu anaona msiba, kifaa kinaona afya njema.

Je, kama hifadhidata ni moja nayo imekufa? Basi seva zote mbili zitaondolewa na mwananchi ataona ukurasa wa kosa wa HAProxy, ule mkavu wa Kiingereza. Huo unaweza kubadilishwa. Andika ukurasa wako kwa Kiswahili, useme mfumo umesimama, fomu iliyokuwa haijatumwa haijapokelewa, na namba ya kupiga. Mtu aliyetoka Kinango akijua ukweli saa nne asubuhi ataamua la kufanya. Asipojua atakaa saiba mpaka jioni akilipia dakika.

Jambo la pili ni kumbukumbu ya mgeni. Mwananchi ameingia kwa nenosiri, amejaza ukurasa wa kwanza wa fomu, na seva ya kwanza inamkumbuka. Anabonyeza endelea, zamu inampeleka seva ya pili, isiyomjua. Anaambiwa aingie upya. Tiba ya haraka ni kuki: kigawa mzigo kinampa mgeni alama ndogo yenye jina la seva yake, na kila akirudi anapelekwa huko huko. Inafanya kazi, na ndiyo maana nilisema cheti kikae pale mbele. Lakini seva hiyo ikifa katikati, na kumbukumbu inakufa nayo. Kwa mfumo wenye uzito, weka kumbukumbu hizo kwenye hifadhidata ya pamoja ili seva yoyote imtambue mtu yeyote.

Vivyo hivyo faili zinazopakiwa. Hili halionekani mpaka siku ya kuchambua maombi. Cheti cha kuzaliwa kilichopakiwa kupitia seva ya kwanza kimebaki kwenye diski ya seva ya kwanza. Afisa anayefungua maombi kupitia seva ya pili anaona nafasi tupu, anaandika "hakuleta stakabadhi", na mtoto anakosa karo. Hakuna kengele iliyolia popote. Kwa hiyo kabla ya kuwasha seva ya pili, hakikisha folda ya faili ni moja kwa zote mbili.

Tatu, foleni. Kugawa mzigo hakuongezi nguvu. Kunaipanga tu ile uliyonayo. HAProxy hukuruhusu kuweka kikomo cha maombi ambayo kila seva itashughulikia kwa wakati mmoja. Ukipima ukaona seva yako inaanza kutetereka kwenye 200, weka 150. Wanaozidi watasubiri foleni ndani ya kigawa mzigo kwa sekunde chache badala ya kuizamisha seva pamoja na wote waliomo. Mtu akisubiri sekunde 5 hatalalamika. Akiona ukurasa mweupe atabonyeza tena, na tena, na kila kubonyeza ni ombi jipya juu ya mzigo uliopo.

Na fanya hesabu hii kwa karatasi. Seva mbili zikiwa kila moja inatumia asilimia 70 ya nguvu yake, unajiona uko salama. Moja ikifa, iliyobaki inatakiwa kubeba asilimia 140. Itakufa dakika chache baadaye. Ukiwa na seva mbili, kila moja isizidi asilimia 50 siku yenye watu wengi zaidi, vinginevyo hujanunua akiba, umenunua matatizo mawili.

Kuna kosa dogo ambalo huwafungia watu wote nje kwa mpigo. Kwa kuwa maombi yote sasa yanapitia kigawa mzigo, seva inaona wageni wote wakitoka anwani moja, ya kigawa mzigo. Kama kwenye seva kuna programu ya kufungia anwani baada ya nenosiri kukosewa mara kadhaa, siku moja itaifungia anwani hiyo. Washa chaguo la kuambatisha anwani halisi ya mgeni kwenye ombi, X-Forwarded-For, kisha ielekeze seva iisome hiyo, na iiamini pale tu inapotoka kwa kigawa mzigo chako. Mgeni mjanja anaweza kujiandikia anwani ya uongo.

Msomaji makini atauliza: na hicho kigawa mzigo chenyewe kikifa? Ni swali la haki, maana sasa umeweka kila kitu nyuma ya mlango mmoja. pfSense inaweza kuwekwa mbili, zikashirikiana anwani moja kwa njia iitwayo CARP. Ya kwanza ikinyamaza, ya pili inaichukua anwani na watu wanaendelea. Lakini mara nyingi adui ni wa kawaida zaidi. Seva mbili, swichi moja, waya mmoja wa ekstensheni kutoka soketi moja ya ukutani. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima, na hapo hakuna mpangilio wa HAProxy unaosaidia, ni betri na jenereta.

Mipaka mingine isemwe wazi. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikawa ya kukwamakwama Afrika Mashariki. Julai 2023 mfumo wa eCitizen ulishambuliwa kwa mafuriko ya maombi ya makusudi. Kigawa mzigo hakiungi waya uliokatika, na mafuriko yakiwa makubwa kuliko bomba lako la intaneti, yanajaa kabla hata hayajakifikia. Muuzaji atakayekuambia boksi lake linatibu yote hayo, mpe chai na umsindikize.

Na boksi lenyewe lilindwe. Mwaka 2020 ukurasa wa usimamizi wa BIG-IP ulipatikana na tundu lililopewa uzito wa 10 juu ya 10, na mwaka 2023 vifaa vya NetScaler vya Citrix vilikuwa na lao lililowawezesha wezi kuiba kumbukumbu za walioingia. Ukurasa wa usimamizi usionekane kabisa kutoka intaneti. Uingie kwa mtandao wa ndani au kwa VPN.

Kusahihisha programu za seva nako sasa hakuhitaji usiku wa manane. Kwenye ukurasa wa takwimu wa HAProxy unaiweka seva moja katika hali ya kutopokea wageni wapya, unawaacha waliomo wamalize, unaisahihisha, unairudisha, kisha unahamia ya pili. Sioni sababu ya ofisi yenye seva mbili kutangaza kwamba huduma itafungwa wikendi nzima.

Lililobaki ni kujaribu, na hapa wengi huona haya au huogopa. Shika simu yenye bando, siyo WiFi ya ofisi, maana lazima ujaribu kutoka nje kama mwananchi. Anza kujaza fomu. Katikati ya fomu, mwenzako achomoe waya wa umeme wa seva ya kwanza. Hesabu sekunde mpaka ukurasa uendelee. Irudishe, kisha mara hii usiichomoe. Izuie tu isiifikie hifadhidata, uone kama kigawa mzigo kitaiondoa au kitaendelea kukutumia huko. Pakia picha, zima seva uliyopakilia, ifungue picha hiyo kupitia nyingine. Jaza diski kwa makusudi. Kila jaribio liandikwe na muda wake, na anayesaini hati ya kupokea kazi kutoka kwa mkandarasi asisaini mpaka ameyaona kwa macho yake. Na yafanywe wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho ya fomu, si usiku wa kuamkia siku hiyo.